Maswali na Majibu: Nyaya za helikopta zinazosuguana na kiunzi

SWALI: Mimi ni fundi wa matengenezo ya helikopta ndogo ya injini moja. Katika ukaguzi wa kawaida nimekuta fungu la nyaya linaloelekea mkiani likigusa ukingo wa fremu, mahali ambapo mkia umeungana na kiwiliwili. Ganda la nyaya mbili limeng'aa na kulika kidogo, lakini shaba haionekani. Mwenzangu anashauri tulivike fungu hilo mkanda wa plastiki wa kuzungushia nyaya kisha tufunge kazi. Je, hilo linatosha? Nikague vipi sehemu nyingine bila kuziharibu nyaya zenyewe? Na je, kuna uhusiano wowote na kikata umeme cha taa ya mkiani, ambacho rubani anasema kiliwahi kuruka (kujikata chenyewe) mara moja, akakirudisha, na hakijaruka tena?

JIBU: Mkanda peke yake hautoshi. Ganda lililong'aa ni ushahidi kwamba waya na fremu vinasogea kwa namna tofauti huku vikigusana, na mkanda hauzuii mwendo huo hata kidogo. Utalika wenyewe kwanza, kisha itafika zamu ya ganda, na vumbi linalonaswa kati ya plastiki na waya litafanya kazi ya msasa. Ubaya mwingine ni kwamba mkanda unamfichia fundi atakayekuja baada yako alama ambazo wewe umebahatika kuziona. Mkanda una nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya mwisho, baada ya chanzo cha mwendo kushughulikiwa.

Inafaa kufikiri ni mwendo wa kiasi gani tunaouzungumzia. Rota kuu ya Bell 206, kwa mfano, ina mapanga mawili na huzunguka mara 394 kwa dakika. Kila panga linapopita hutikisa kiwiliwili, na hiyo ni mitikisiko 788 kwa dakika, au zaidi ya 47,000 kwa kila saa ya kuruka, kabla hujahesabu mitikisiko ya kasi zaidi inayotoka kwenye rota ya mkia, mihimili inayoizungusha na injini. Hata kama kila mtikisiko unasogeza waya kwa sehemu ndogo ya milimita, ganda jembamba haliwezi kustahimili mguso wa namna hiyo kwa muda mrefu. Mahali ulipopataja pana tatizo la ziada: mkia hujipinda kidogo ukilinganishwa na kiwiliwili wakati wa kutua na wakati rubani anapogeuza helikopta kwa nguvu, kwa hiyo fungu linalovuka kiungo hicho limefungwa kwenye vitu viwili visivyotembea pamoja.

Anza kwa kutenganisha betri, waya hasi ukitangulia, na uhakikishe hakuna umeme wa nje uliounganishwa. Kisha usiangalie tu mahali palipolika. Angalia vibano vinavyolishikilia fungu kwenye kiunzi pande zote mbili za hapo, kwa sababu mara nyingi ndivyo vyenye kosa. Huenda mpira wa kibano umekauka au umelainishwa na mafuta hadi hauushiki tena mzigo wake, huenda skrubu imelegea, huenda kibano ni kikubwa kuliko fungu, na huenda hakipo kabisa. Waraka AC 43.13-1B wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA), ambao mafundi wengi hurejea pale mwongozo wa mtengenezaji unapokuwa kimya, unataka umbali kati ya kibano na kibano usizidi inchi 24, yaani takriban sentimita 61, na unataka fungu lisilegee zaidi ya nusu inchi, takriban milimita 13, unapolisukuma kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Pima vyote viwili. Jambo jingine ambalo mimi hulitafuta mapema ni nyaya za vifaa vilivyoongezwa baadaye, kama redio au kamera, zilizofungwa juu ya fungu la awali bila mtu kubadilisha vibano. Fungu hilo sasa ni zito kuliko lile ambalo vibano vyake vilichaguliwa kulibeba, na huyumba kwa namna ambayo mbunifu hakuikusudia.

Ukishajua chanzo, rekebisha kwa mpangilio huu: kwanza rudisha nafasi kati ya fungu na ukingo, kwa kuhamisha au kubadilisha kibano, au kuongeza kingine pale mwongozo unaporuhusu; pili, kama nyaya lazima zipite kwenye tundu na nafasi iliyobaki ni chini ya milimita 10 hivi, weka grometi, yaani pete laini ya kukinga nyaya, kwenye ukingo wa tundu; na tatu, ndipo uongeze mkanda au soksi ya kuvika nyaya kama kinga ya akiba. Kibano kizuri hulishika fungu kiasi kwamba haliterezi ukilivuta polepole kwa urefu wake, lakini hakilibani hadi ganda likabonyea. Mgongo wake uegemee kiunzi, skrubu iwe juu ya fungu, na hakikisha hakuna waya hata mmoja uliobanwa kati ya midomo yake, kosa dogo ambalo hutokea mara nyingi mtu anapofanya kazi kwa mkono mmoja ndani ya nafasi finyu. Kwa kufungia nyaya zenyewe kwa zenyewe, katika eneo lenye mtikisiko mkubwa napendelea uzi bapa wa kufungia kuliko vifungo vya plastiki vyenye meno. Vifungo hivyo hugumuka na kukatika kwa joto, ncha zake zikikatwa vibaya huchuna nyaya za jirani, na kipande kilichokatika karibu na mihimili inayozunguka au mlango wa hewa wa injini ni hatari ya aina nyingine kabisa.

Kuhusu nyaya mbili zilizolika, sentensi yako kwamba shaba haionekani inanifanya nikuulize umeitazama kutoka upande gani. Upande unaolika ndio unaoelekea fremu, na ndio usioonekana kwa macho ya kawaida. Tumia kioo kidogo na lenzi ya kukuza mara 10, uzungukie waya wote, kabla hujaamua lolote. Kisha tambua ganda ni la aina gani, kwa kusoma namba iliyochapishwa juu yake. Ganda la polyimide, aina ya plastiki inayojulikana zaidi kwa jina la Kapton, ni jembamba na gumu, lakini likishapasuka na kupata unyevu, cheche huligeuza kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Cheche zinaweza kutembea kando ya waya na kuunguza fungu zima. Ganda la ETFE, plastiki ya aina nyingine, halina tabia hiyo kwa kiwango kile, lakini ni laini zaidi. Kama fungu lako lina aina zote mbili, kumbuka kwamba lile gumu hulila lile laini hata pasipo kugusa chuma chochote, na kwa hiyo nyaya zilizochanganywa zinahitaji kufungwa pamoja kwa uimara zaidi ili zisisuguane zenyewe.

Mipaka ya uharibifu unaokubalika imo katika mwongozo wa mtengenezaji, kwa kawaida sura ya 20 inayohusu taratibu za kawaida, na huo ndio unaotawala. Kwa ujumla, mkwaruzo wa tabaka la juu pekee unaweza kurekebishwa kwa njia iliyoidhinishwa, lakini tabaka la ndani au shaba ikionekana, waya hukatwa na kuungwa, au hubadilishwa. Usiunge zaidi ya mara moja katika kipande kimoja kati ya soketi na soketi, usipange viungo viwili mahali pamoja, na usiweke kiungo mahali panapopindika au ndani ya kibano. Kwa kuwa nyaya zako zinavuka kiungo cha mkia, ambacho ndicho mahali panaposogea, mimi ningebadilisha kipande kizima kama soketi zake zinafikika. Kazi ni ndefu kidogo, lakini hutaacha kiungo kipya karibu na mahali penye tatizo.

Sasa kuhusu kukagua sehemu nyingine. Usivute wala kupekua mafungu kwa vidole ili kuona kilicho nyuma. Ganda la zamani hupasuka kwa kupindwa, na ukaguzi wenyewe unakuwa chanzo cha hitilafu. Tumia tochi yenye mwanga mkali, kioo, na kamera ya kuchungulia kwa sehemu zilizozibwa. Tazama kabla ya kusafisha, maana uchafu una habari: unga wa kijivu au mweusi kwenye alumini, mstari uliong'aa kwenye rangi ya kiunzi, au kovu kwenye mpira wa kibano, vyote vinaonyesha mahali panaposogea.

Ningeanza na waya mnene unaotoka kwenye betri na ule wa starta-jenereta (mashine inayowasha injini kisha kuzalisha umeme), si na nyaya nyembamba. Kipande kati ya betri na kituo cha kwanza cha kugawia umeme kwa kawaida hakilindwi na kikata umeme chochote, na wakati wa kuwasha injini hubeba mamia ya ampea. Kikifika kwenye chuma kitayeyusha chuma hicho, na kama chuma chenyewe ni bomba la mafuta au la haidroliki, kitatoboa bomba na kuwasha kilichomo. Ndiyo maana nyaya hupitishwa juu ya mabomba hayo na si chini yake, hufungwa kwenye kiunzi, na hazibebwi kamwe na bomba lenyewe. Fundi akikuambia kwamba bomba lilikuwa karibu na ndiyo sehemu pekee ya kufungia, mwambie atafute nyingine.

Baada ya hapo nenda kwenye viungo vinavyotembea. Nyaya za swichi zilizo kwenye mkono wa kupandisha na kushusha helikopta hujipinda kila rubani anapounyanyua, na zile za mpini wa uelekeo hupata hali hiyohiyo. Mwombe mwenzako azungushe vidhibiti hadi mwisho wa mwendo wake, kila upande, huku wewe ukitazama chini ya sakafu na nyuma ya paneli. Nyaya ziwe umbali wa inchi 3, yaani milimita 76, kutoka kwenye kebo na vyuma vya udhibiti. Pasipowezekana, pawe na kinga ngumu katikati. Fanya hivyo kwa milango na vifuniko vya injini pia, kwa sababu fungu lisilogusa kitu kifuniko kikiwa wazi linaweza kubanwa kinapofungwa. Mahali popote palipotobolewa hivi karibuni, tafuta vipande vya chuma juu ya nyaya. Hivyo huingia kati ya waya na waya, na mtikisiko hufanya yaliyobaki.

Usitegemee vipimo kuchukua nafasi ya macho. Kupima kama waya unapitisha umeme hakukuonyeshi lolote kuhusu ganda. Kipimo cha uhami, yaani cha uwezo wa ganda kuzuia umeme, cha volti 500 ni bora, ila kitaharibu vifaa vya kielektroniki usipovitenganisha kwanza, hakifai karibu na mvuke wa mafuta, na kinaweza kutoa jibu zuri kwa waya ulio wazi kabisa ambao kwa dakika hiyo haugusi fremu.

Hilo linanileta kwenye kikata umeme, na hapa ndipo swali lako lina uzito kuliko ulivyodhani. Vikata umeme vingi vya helikopta hufanya kazi kwa joto: huruka pale mkondo mkubwa unapodumu kwa muda wa kutosha kukipasha moto kipande cha chuma kilicho ndani. Waya uliolika hugusa fremu kwa sehemu ndogo ya sekunde katika kila mtikisiko, hutoa cheche kali sana, kisha huachia. Wastani wa mkondo unaweza kubaki chini ya kiwango cha kuruka huku cheche zikiendelea kuchoma. Uchunguzi wa ajali ya ndege ya abiria ya Swissair 111 ya mwaka 1998, iliyoanzia kwenye moto juu ya dari karibu na chumba cha marubani, ulikuta dalili za cheche kwenye nyaya na ukaeleza kwamba vikata umeme vya aina hiyo haviwezi kukinga dhidi ya kila aina ya cheche. Kwa hiyo kikata umeme kilichonyamaza si ushahidi wa usalama, na kilichoruka hata mara moja kinasema kwamba mguso ulidumu kwa muda wa kutosha kuhisiwa. Ukiwa ardhini, hakirudishwi hadi sababu ijulikane.

Fungua mchoro wa nyaya na ulinganishe namba. Kama mmoja wa nyaya zako mbili ni wa taa ya mkiani, chukulia kwamba umepiga shoti, ubadilishe, na ukague fremu yenyewe mahali ulipogusa: kitone cha shaba, doa lililoungua au kishimo kidogo kilichoyeyuka ni kasoro ya kiunzi pia, kwa kuwa nyufa za uchovu wa chuma huanzia kwenye vishimo vya namna hiyo, na kiungo cha mkia hubeba mzigo mkubwa. Itabidi kipimwe na kutathminiwa kwa mujibu wa mwongozo wa kiunzi. Kama namba hazilingani, una hitilafu mbili tofauti, na utaufuata mzunguko wa taa kwa urefu wake wote hadi kwenye soketi iliyo mwishoni mwa mkia. Kwa sasa mwombe rubani aliandike tukio hilo kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege pamoja na hali ilivyokuwa: kama kiliruka wakati wa kutua, anzia kwenye kiungo cha mkia, na kama kiliruka kwenye mvua, anzia kwenye soketi ya taa.