Anayetaka Kutunga Shairi la Kuruka Amtazame Mwewe Kwanza

Vijana wanaoniletea mashairi yao niyapitie hupenda mno kuanza na furaha. Ubeti wa kwanza husema moyo umefurahi, wa pili husema moyo umepaa kama ndege, na msomaji hufika kituoni, yaani mshororo wa mwisho, asijue kama ndege huyo ni kunguru, mbayuwayu au shakwe. Ushauri wangu kwa anayetaka kutunga kuhusu kuruka, maumbile na raha ya kuwa hai ni huu: litazame jambo lenyewe mpaka ujue linavyotendeka, kisha ulieleze hivyo hivyo, na furaha itajileta.

Mimi hupenda kukaa Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, jioni, wakati wa kusi. Upepo huo huja kutoka baharini, upande wa kusini-mashariki, ukakutana na genge la matumbawe, na kwa kuwa hauna pa kupita hupanda juu. Mwewe anaujua vyema. Hutandaza mbawa akauegemea, akakaa muda mrefu bila kuzipiga hata mara moja, na ukimkazia macho utaona kwamba kazi kubwa inafanywa na mkia, ule mkia wenye panda, anaoupinda huku na huku kama usukani. Hapo ndipo nilipoupata ubeti huu:

Mbawa mwewe katandika, upepo wampandisha,
Mkia ukageuka, mwendo akabadilisha,
Chini wimbi likifika, jabali likaliosha,
Kutazama sikuchoka, dafu nikaliangusha.

Sikusema popote kwamba nilifurahi. Rafiki yangu mmoja aliona dafu halistahili kukaa katika shairi la angani, nami nikamkumbusha Muyaka bin Haji, malenga wetu wa enzi za utawala wa Mazrui hapa Mombasa, ambaye hakuona haya kuyaingiza mambo ya mji na ya sokoni katika tungo zake.

Vina vije baada ya picha. Watunzi wachanga hukimbilia kina cha -ni kwa kuwa hupatikana karibu kwa kila nomino, na matokeo yake ni angani, mawinguni, moyoni na duniani, shairi likawa limetaja kila mahali na halipo popote. Kina cha -sha kilinilazimisha kutafuta vitenzi, upepo ukapata la kufanya, na wimbi pia.

Kuhusu safari ya eropleni sina mengi. Ukiruka kutoka uwanja wa ndege wa Moi na ukabahatika kupata kiti cha dirishani, huenda ukakiona kisiwa kizima cha Mombasa, bandari ya Kilindini upande mmoja na mkono wa bahari wa Tudor upande wa pili, na ni mandhari ya ajabu kwelikweli. Lakini dirishani hakuna upepo wala harufu, na mashairi mengi ya namna hiyo niliyoyasoma yanafanana na ramani.

Usiangalie juu tu. Nenda Haller Park kule Bamburi, mahali palipokuwa machimbo makavu ya mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, ambapo mivinje ilianza kupandwa mwaka 1971, wakaletwa majongoo wa kula majani makavu yaliyoanguka na kuyageuza udongo, hadi msitu ukasimama. Anayeweza kumtungia jongoo ubeti mmoja wenye ukweli ameshaelewa raha ya kuwa hai kuliko anayerudia neno maisha katika kila mshororo.

Mwisho, lighani shairi lako kwa sauti, tena kwa utulivu, kabla ya kumpelekea mtu yeyote. Mizani, yaani silabi, nane kwa nane haihesabiwi kwa vidole peke yake: katika «wampandisha» ile m ni mizani kamili, na anayesoma kimyakimya huiruka, akadhani mshororo umepungua, akaongeza neno la kujazia ambalo halina kazi. Sikio likikwama mahali, ubadilishe mshororo mzima badala ya kuubana.