Mistari inasomeka vizuri, kwenye biti haikai: jibu langu

Mkuu, umesema mistari yako ya rap inateleza ukiisoma kwenye daftari, biti (mdundo) likianza pumzi inakata, na vina vyote vinaishia -isha. Narekodi vijana chumbani kwangu huku Mbagala, na karibu kila anayeingia mara ya kwanza ana shida hiyohiyo. Anza kwa kuhesabu silabi.

Baa, yaani kipande kimoja cha biti kinachobeba mstari mmoja, ina mapigo manne, na kila pigo linabeba silabi nne bila kubanana. Jumla 16: mshororo mzima wa shairi, nane kwa nane. Mwalimu wa Kiswahili alikufundisha kuchana (kurap), hakukwambia tu. Jaribu hii yangu:

Mwenye nyumba mlangoni, asubuhi hodi yake
Hakuna choo uani, kinywani ni kodi yake

Baa zote mbili zimejaa pomoni. Sasa, kwenye biti la mapigo 90 kwa dakika, baa moja haifikishi sekunde tatu. Chana hivyo baa nane mfululizo uone utapumulia wapi. Jaza mbili, ya tatu iishie silabi 12, pigo linalobaki vuta hewa.

Sikiliza "Ndio Mzee" ya mchanaji Professor Jay. Mheshimiwa anaahidi, wananchi wanaitikia. Wengi wanakumbuka kejeli yake kwa wanasiasa (na jamaa mwenyewe akaja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, dunia hii!), ila mimi nasikia na kingine: umati ukiitikia, mchanaji anapumua. Jukwaani hapo ndipo utaokoka, maana unarukaruka, jasho linakutoka, na maiki yenyewe inakwaruza.

Kwenye vina, lugha yetu inatudekeza. Vitenzi vingi vinaishia na a, kwa hiyo "nafundisha" na "nawakilisha" hazina ujanja wowote, umepanga minyambuliko tu. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kina kianzie hapo au nyuma yake zaidi. "Hodi yake" na "kodi yake" zinagonga kwa sababu zimefanana silabi nne, ukiondoa herufi ya mwanzo. Malizia kwa nomino, vitenzi visukume katikati.

Na usiandike kimyakimya. Washa biti, jirekodi kwa simu ukiimba "da-da-da" mpaka upate mwendo, maneno yafuate. Kisha tuwekee baa nane hapa, kwa sauti. Maandishi sitasoma.