Uliza mkanda kwanza, gramu baadae

Haya wapenzi wa santuri, barua za mwezi huu nyingi zimetoka hapahapa Tanga na moja ya Bagamoyo, nimechukua nne. Majina sijaweka kama mlivyoomba.

*Shikamoo. Mi niko Chumbageni, napenda sana jazz ya kizamani ya Marekani, Coltrane, Art Blakey, Lee Morgan na wenzao. Dada yangu anakuja Idd kutoka huko, kasema mzigo umejaa ataniletea santuri mbili tu. Nikiangalia mtandaoni zote zina stika ya gramu 180, moja dola 15 nyingine dola 40, na albamu ni ileile. Tofauti iko wapi, au tunapigwa tu?*

Marahaba mdogo wangu. Iyo stika ya gramu ndo kitu cha mwisho kuangalia. Santuri ya kawaida ina gramu 120 mpaka 140 ivi, ya 180 ni nzito mkononi na inakaa tambarare vizuri kidogo, lakini sindano haijui uzito, sindano inasoma mfereji tu. Kinacholeta tofauti ni njia iliyopita sauti, kutoka mkanda wa studio mpaka kwenye ule mfereji, na hapo ndo watu hawaulizi.

Hao uliowataja wamerekodiwa sana na mtu mmoja anaitwa Rudy Van Gelder. Mchana alikuwa mpima macho, kazi ya muziki anaifanyia sebuleni kwa wazazi wake, mji wa Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio yake ya Englewood Cliffs. Yaani ile sauti ya tarumbeta inayokusimamisha nywele imetoka sebuleni kwa mama wa mtu! Sasa mikanda aliyorekodi ipo mingi mpaka leo, na kuna mtu anaenda kuomba mkanda wenyewe, anaufunga kwenye mashine na kukata sahani ya laka, ile inayochongwa mfereji na kuwa mama wa santuri zote, moja kwa moja kutoka hapo, afu kuna mwingine anachukua CD ya dukani anaigeuza santuri, na wote wawili wanabandika stika ileile ya gramu 180.

Hao wa CD wamejaa Ulaya kwa sababu ya sheria, kule rekodi zilizotoka kabla ya 1963 haki zake zilishaisha muda, kwa iyo mtu anachapa bila kumuomba ruhusa mwenye mkanda, na kwa kuwa hajaomba basi mkanda nao hapewi. Ndo iyo ya dola 15. Mi sinunui, na sio kwa ajili ya sauti tu.

Upande wa pili Blue Note wenyewe, kampuni iliyotoa nyingi ya albamu hizo, wana mfululizo unaitwa Tone Poet, ulianza 2019, msimamizi wake Joe Harley na anaekata ni Kevin Gray, kutoka kwenye mkanda halisi, kava nene la kukunja na ndani picha za Francis Wolff alizopiga wakati wa kurekodi. Ni ghali lakini hela inaonekana ilipokwenda. Afu wana Classic Vinyl, anaekata ni Kevin Gray huyohuyo, inachapwa Ujerumani, kava la kawaida na bei imepungua. Ningekuwa mimi ningemwambia dada alete Blue Train ya Coltrane ya Tone Poet, ilirekodiwa Septemba 15, 1957 palepale sebuleni na tarumbeta kashika Lee Morgan akiwa na miaka 19, na ya pili Moanin' ya Art Blakey ya Classic Vinyl, Morgan yumo tena. Zikifika zielekeze kwenye mwanga, pale kwenye sehemu tupu karibu na lebo utaona herufi KPG zimechorwa, ndo sahihi ya Kevin Gray iyo.

Usinielewe vibaya ukadhani dijitali ni sumu. Mwaka 2022 iligundulika kampuni moja kubwa ya Marekani iliyosifika kwa kukata kutoka mkanda ilikuwa inapitisha sauti kwenye dijitali kwanza, miaka kibao, na wasikilizaji wenye mashine za bei ya gari walikuwa wanazisifia bila kujua. Sauti ilikuwa nzuri kweli. Kilichouma watu ni kufichwa, na mi naona walikuwa na haki ya kuumia, mtu anaetoa hela yake aambiwe ananunua nini.

*Habari kaka, mimi nasoma sanaa Bagamoyo, napiga tarumbeta. Broo wangu ana Kind of Blue ya Miles Davis, ya zamani, alipewa na mtu. Nikipiga pamoja nayo upande wa kwanza nakuwa chini kidogo, nageuza upande wa pili niko sawasawa. Mwalimu anasema ni mdomo wangu.*

Mdomo wako mzima mdogo wangu na sikio lako zima zaidi, mwambie mwalimu kwa adabu. Albamu iyo ilirekodiwa siku mbili za mwaka 1959, Machi 2 na Aprili 22, studio ya Columbia mtaa wa 30, New York. Siku ya kwanza mashine ya kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa iyo mkanda ukipigwa kwa spidi sahihi muziki unapanda juu, na nyimbo zote tatu za upande wa kwanza ni za siku iyo. Upande wa pili ni Aprili, mashine ilishakaa sawa. Dunia nzima imesikiliza ivyo zaidi ya miaka 30, bahati nzuri kulikuwa na mashine ya pili ya akiba inarekodi pembeni kwa spidi sahihi, na miaka ya 1990 wakaanza kutumia mkanda wa iyo. Kwa ajili ya mazoezi tafuta toleo lililotoka baada ya hapo. Ila ya broo usiitupe jamani, wapo waliojifunza maisha yao yote kwa iyo iyo.

*Kijana, mimi mzee wako wa Makorora. Nilinunua mashine ya santuri ya mtumba wa Japani, ya beliti, nikafungiwa transfoma ili isiungue. Haijaungua, ila muziki unakwenda kama umechoka. Dexter Gordon anasikika kama ana saksafoni kubwa kuliko yake. Fundi amebadilisha beliti mara mbili na hela amechukua mara mbili.*

Shikamoo mzee wangu. Beliti haina kosa na hela yako imenisikitisha. Transfoma imeshusha volti tu, kutoka 230 za kwetu mpaka 100 za Japani, lakini umeme una kitu kingine kinaitwa hezi, yaani mara ngapi unacheza kwa sekunde, na transfoma haikigusi. Kwetu ni hezi 50. Japani wana zote mbili, upande wa Tokyo 50 na upande wa Osaka 60. Mashine nyingi za zamani za beliti mota yake inafuata hezi, kwa iyo kama yako ilipangwa kwa 60 huku kwetu inazunguka mara 27 na pointi 8 kwa dakika badala ya 33 na theluthi, muziki unashuka nusutoni tatu na zaidi kidogo, na Dexter anakuwa mtu mwingine kabisa.

Pima mwenyewe leo jioni bila fundi. Bandika kikaratasi pembeni ya sahani ya mashine, weka santuri, shusha sindano, hesabu mizunguko dakika tatu kamili kwa saa ya simu. Mashine nzima inatoa 100 juu ya alama, ikitoa 83 basi ni hezi. Dawa yake ni puli, kale kagurudumu kadogo kanakokaa kwenye mota, nyingi zilikuwa na puli mbili tofauti, ya 50 na ya 60. Ukikosa, fundi mchongaji mzuri anakutengenezea ya shaba, mwambie iwe nene zaidi ya iliyopo kwa asilimia 20 pale beliti inapokaa. Na siku ukibadilisha mashine tafuta zile ambazo mota inazungusha sahani yenyewe bila beliti na spidi inapimwa kwa fuwele, kama Technics SL-1200 Mk2, hizo hezi haziwahusu, volti tu ndo uangalie.

Kwa sasa usinunue toleo lolote la bei mbaya mzee wangu, subiri puli kwanza.

*Assalam aleikum. Niko Pangani. Babu katuachia sanduku, kuna santuri ndogo za tundu kubwa za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na nyingine nzito nyeusi za zamani zaidi zinavunjika kama sahani. Zina ukungu. Hii nayo ndo jazz mnayoandika kila mwezi? Na nizisafishe na nini, jirani kasema spiriti.*

Waaleikum salaam dada yangu. Acha iyo spiriti kwanza kabla sijaendelea! Zile nzito zinazovunjika zimetengenezwa kwa lakiri na spiriti inayeyusha lakiri, ukipangusa mara moja tu umefuta sauti ya mtu. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kausha hapohapo, na usiziweke kwenye mashine ya kawaida, zinataka spidi ya 78 na sindano nene ya kwake.

Zile ndogo ni plastiki, hizo zioshe kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) na tone la sabuni ya vyombo, brashi laini kufuata mistari, lebo isilowe, suuza, simamisha kivulini. Maji hayo wanauza maduka ya betri za gari ila hakikisha umepewa maji na sio asidi. Bahasha zenye ukungu zitenge, weka bahasha mpya za ndani, sanduku likae mbali na ukuta unaopigwa na upepo wa bahari, na santuri zisimame wima, kulala zinapinda kwa hili joto letu.

Kuhusu jina, bendi zetu za dansi za Tanga na kwingine zilijiita jazz kwa maana ya bendi yenyewe, magitaa na saksafoni, lakini walichopiga kilikuwa kimekaa kwenye rumba kuliko kwenye jazz ya New York. Sio kitu kilekile. Ila nikwambie ukweli dada yangu, hilo sanduku limenigusa kuliko barua zote za juu. Moanin' ikikwaruzika kesho inaagizwa nyingine imekatwa kutoka mkanda ukiwa mzima, hizo za babu sijui nani atakukatia tena. Kwa iyo sindano mpya ije kabla ya kusikiliza hata moja, na usiitishe watu kuzipiga kwanza, mara ya kwanza tu baada ya kuosha funga waya kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye kompyuta urekodi, maana hapo ndo ziko safi kuliko zitakavyowahi kuwa tena.

Na kama bibi yupo mkalishe hapo siku unarekodi. Muulize nani anaimba, nani gitaa la solo, babu alinunua wapi, andika kwa penseli kwenye bahasha mpya kabla hujaitia santuri ndani.