"Asiposana" ni neno moja

SWALI: Tuna karakana ndogo hapa Tanga. Tunatengeneza upya vyombo vya nyumbani vya zamani kwa moto na nyundo: ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi, vifuo, koleo za makaa. Tuliagiza bango lenye methali "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta". Mchoraji akaandika "asipo sana", akidai neno letu halina maana. Nani yuko sahihi? Na kazi yetu tuiite kusana, kufua au kuchomelea?

JIBU: Nyinyi mko sahihi, na bango lirudishwe. Hilo "sana" si lile la "asante sana". Ni kitenzi cha zamani, kusana, yaani kufanya kazi ya uhunzi, na mwenye kazi hiyo aliitwa pia msana. Kwa hiyo a-si-po-sana ni sawa na kusema "asipofua chuma". Ukilikata neno, kitenzi kinapotea na methali nzima inaanguka. Mwenzake ni huvukuta: kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Mtoto aliyezaliwa kwa mhunzi, kama hajashika nyundo, basi yuko kwenye mivukuto. Kazi ya mzazi haimpiti kando.

Wapo wanaolihusisha neno hili na "sanaa", ambayo asili yake ni Kiarabu. Mimi sikimbilii huko. Kule Upare, ukoo uliojulikana kwa uhunzi ni wa Washana, na jina la Mshana tunalo mitaani hadi leo. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko sauti mbili kufanana.

Sasa kazi yenu. Kusana ni neno zuri ila limebaki karibu kwenye methali tu, na mteja hatawaelewa. Semeni tunafua. Kufua ni kupiga, ndiyo maana tunafua nguo, tunafua nazi kwenye kifuo, na mhunzi anafua chuma juu ya fuawe. Katika kutendwa ile "l" iliyomezwa inarudi: ulimi huu umefuliwa, visu vimefuliwa. Msiandike "umefuwa".

Kuchomelea ni jambo jingine kabisa. Huko ni kuunga vipande viwili vya chuma kwa umeme au gesi. Kusubu nako ni kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu.

Niliwahi kukaa kiwandani kwa mhunzi mmoja (kiwanda kwa maana yake ya zamani, mahali pa kufulia) akitengeneza ulimi wa mbuzi kwa kipande cha springi ya gari. Alikitia motoni mpaka kikawa chekundu, akakipiga kikatanuka na kuviringa kichwani, akakata meno kwa tupa, jino baada ya jino. Mwisho akakirudisha motoni, akakitosa majini, kikalia "shhh!" Nikamuuliza hapo amefanya nini. "Nimekitia matiko," akasema, bila kuinua macho.

Hilo ndilo neno ninalowaomba mlitumie kwenye maelezo ya vyombo vyenu. Siku hizi nasoma "kimefanywa kigumu kwa maji", maneno manne, wakati wahunzi wanalo lao: kimetiwa matiko.