Kabla hujatangaza umepata mlimbikizaji mpya

Juzi mdogo wetu mmoja hapa maabara katoka chumba cha mashine ya kupimia metali kashika karatasi ya majibu kwa mikono miwili, kama cheti cha ndoa. Shaba kwenye majani imevuka miligramu 300 kwa kilo. "Dada, nimepata mlimbikizaji!" Yaani mmea unaofyonza metali na kuirundika kwenye majani kupita kawaida. Nikamuuliza majani aliyaosha vipi. Aliyasuuza. Kwa maji gani? Ya bomba. Nikavuta kiti nikakaa, maana nilijua mazungumzo yatakuwa marefu.

Kila mwaka anakuja mtu mwenye karatasi hiyohiyo. Kusaga, kumeng'enya (kuyeyusha unga) kwa asidi, kuchora mstari wa kalibresheni, hayo mnayajua na siwafundishi. Naandika yale yasiyomo kwenye protokali kwa sababu aliyeiandika alidhani kila mtu anayajua.

1. Kustahimili si kulimbikiza. Mmea uliostawi juu ya lundo la mabaki ya mgodi umekuambia jambo moja tu: haufi. Namna haufi ni swali lingine. Mingi inayostahimili huizuia metali huko chini, ikaifunga kwenye kuta za seli na vakuoli (vifuko vya ndani ya seli) za mizizi, na majani yakabaki karibu ya kawaida. Nyasi kama Agrostis capillaris zinazoota kwenye migodi ya zamani ya Ulaya ndiyo kazi yake. Walimbikizaji wa kweli ni wachache na wana tabia za ajabu: Noccaea caerulescens kwa zinki na kadimiamu, kangaga Pteris vittata kwa arseniki, Berkheya coddii wa Afrika Kusini kwa nikeli. Na kuna Pycnandra acuminata, mti wa Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki, ambao utomvu wake una rangi ya kijani na buluu, na ukiukausha karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Huo mti ulikuwa na haki ya kuitwa mlimbikizaji hata kabla ya mashine kuwashwa. Mmea wako bado.

2. Someni kiwango chote cha kuuita mmea mlimbikizaji, si namba peke yake. Miligramu kwa kilo: zinki 3000, nikeli 1000, shaba na kobalti 300, kadimiamu 100. Lakini ni za jani kavu, la mmea ulioota wenyewe mahali pake. Mche uliouzamisha kwenye maji yenye chumvi ya risasi mpaka ukanyauka hauhesabiki. Mizizi ikishaharibika metali inapanda tu, hakuna wa kuizuia. Na msinijie na uwiano wa shina kwa mzizi uliozidi 1 mkidhani mmemaliza. Jani lenye shaba 12 na mzizi wenye 10 vinatoa 1.2, na hilo ni jani la kawaida ambalo ungelikuta bustanini.

3. Vumbi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nachukua sampuli kwenye lundo la mabaki ya mgodi wa shaba. Kiangazi, upepo, lundo lenyewe halina kitu juu yake isipokuwa vichaka vifupi vya mmea mmoja wa jamii ya mrehani, majani yenye vinyweleo na kunata kidogo. Nikayachuma, nikayasuuza haraka kwa maji yaliyoondolewa ioni, nikayakausha kwa nyuzi 65, nikasaga. Majibu yakatoka: shaba juu ya kiwango, tena si kidogo. Sikulala. Nikamwandikia msimamizi, nikaandika ikisiri ya kongamano, na kichwa chake kilikuwa na maneno "mlimbikizaji mpya wa shaba". Ikakubaliwa. Nikaanza kuongea polepole kama mtu mashuhuri.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Ile mashine ilipima elementi zaidi ya 20. Mimi nilifungua jedwali, nikafuta safu zote ambazo "sizihitaji", nikabaki na shaba, kobalti, zinki na risasi. Jedwali likawa safi na la kupendeza. Fundi sanifu wetu wa maabara, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alipoiona ikisiri ubaoni aliniuliza swali moja tu: "Chuma kilikuwa ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimekifuta.

Nikarudi kwenye faili la mwanzo. Chuma kilikuwa maelfu, kwenye jani ambalo kwa kawaida lina mamia au pungufu. Alumini vilevile. Nikachora shaba dhidi ya chuma, sampuli zote: mstari ulionyooka. Kila jani lililokuwa na shaba nyingi lilikuwa na chuma nyingi kwa uwiano uleule, na uwiano wenyewe ulikuwa wa udongo wa lundo. Nilikuwa nimesaga lundo nikaliita jani.

Fanyeni hesabu ambayo mimi sikuifanya. Mabaki yenye shaba asilimia 1 yana miligramu 10,000 kwa kilo. Vumbi likiwa asilimia 5 tu ya uzito wa unga wako, tayari una 500 bila mmea kufyonza chochote. Na asilimia 5 kwenye jani lenye vinyweleo huioni kwa macho.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo siku zote. Mimea ya shaba ya Katanga, kule Kongo, ni darasa zima la jambo hili. Haumaniastrum katangense, lile ua la shaba ambalo huota hadi kwenye mahali watu walipoyeyushia shaba karne nyingi zilizopita, lilikaa kwenye orodha ya walimbikizaji kwa miaka. Watafiti walipolirudia jambo hilo kwa uoshaji wa makini, sehemu kubwa ya zile namba za zamani ikaonekana ni udongo uliogandia majani. Makala hizo nilikuwa nazo kwenye folda. Folda ilikuwa na jina "Za kusoma".

Ikisiri nikaiondoa. Barua ya kuiondoa niliiandika mara nyingi kuliko ikisiri yenyewe. Msimamizi hakunigombeza, aliniambia nirudi uwandani, na huo ndio ulikuwa ugomvi. Niliporudia, nikiosha kwa maji yenye sabuni laini isiyo na metali kisha kusuuza mara kadhaa, na nikiotesha mingine kwenye chungu chenye udongo uleule uliofunikwa juu kwa changarawe safi, shaba ya majani ilishuka hadi kwenye makumi. Mizizi ndiyo ilikuwa imejaa. Mmea wangu alikuwa mzuiaji wa kupigiwa mfano.

Na hapa ndipo ninapowakasirikia wanaozitupa data za namna hii. Lundo lile tatizo lake ni upepo kupeperusha vumbi. Unachotaka hapo ni mmea unaoshika udongo, unaovumilia, na usiopandisha metali kwenye majani ambayo mbuzi atakula. Huo ndio niliokuwa nao mkononi, na karibu nimharibie jina kwa kumpa cheo kisicho chake. Tasnifu yangu ikawa ya kufunika lundo, na ilikuwa nzuri kuliko ile niliyoiota.

Kwa hiyo: chuma na alumini visome kwanza, kabla ya metali yako. Titaniamu nayo ni shahidi mzuri, kwa kuwa mimea karibu haiichukui, lakini haiyeyuki vizuri kwa asidi ya nitriki peke yake. Ukipata sifuri usifurahi, tumia kipimo cha mionzi ya eksi au omba mmeng'enyo kamili, unaoyeyusha hadi chembe za udongo. Kromiamu ukiikuta nyingi kwenye jani, shuku udongo kwanza, kisha shuku kinu chako.

4. Vinu, tukiwa hapohapo. Chuma cha pua hutoa kromiamu na nikeli. Chekeche la aloi ya shaba na zinki linatoa kile unachokitafuta. Tumia la nailoni. Glavu nyingi za mpira zina zinki. Vyombo vilale kwenye asidi ya nitriki asilimia 10. Blanki (chombo kisicho na mmea) na sampuli rejea ya majani (yenye majibu yanayojulikana) kwenye kila bechi, si kwenye bechi ya kwanza tu kwa ajili ya picha. Zebaki haipelekwi tanurini, itaruka yote. Asidi ya perkloriki na unga wa mmea ambao haujameng'enywa kwanza kwa nitriki hulipuka, usiiguse ukiwa peke yako. Kwenye ICP-MS, mashine inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake, usimeng'enye kwa hidrokloriki kama unatafuta arseniki: klorini ikishikana na agoni, gesi ya mashine, inatoa uzito wa 75, ambao ndio wa arseniki. Kijana mmoja hapa alikuta arseniki hata kwenye blanki yake, akaanza kushuku maji ya jengo zima, akaandika na tangazo la tahadhari mlangoni. Tulilibandua baada ya chakula cha mchana. Bado tunamtania.

5. Mtu akikuambia "mmea huu utasafisha eneo", muulize miaka mingapi. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ni takriban tani 2600 za udongo. Risasi ikiwa miligramu 1000 kwa kilo, hiyo ni kilo 2600 za risasi. Mavuno ya tani 5 kavu kwa mwaka, zenye risasi miligramu 100 kwa kilo, yanaondoa nusu kilo. Gawanya: miaka 5200. Tani 10 zenye nikeli asilimia 1 zinaondoa kilo 100 kwa msimu mmoja, na ndiyo maana watu wa nikeli wanaongea habari ya kuvuna metali na watu wa risasi wananyamaza. Kuna waliojaribu kuiharakisha risasi kwa kumwaga ardhini EDTA, kemikali inayoshika metali na kuifanya iyeyuke. Inapanda kweli, na nyingine inashuka kwenye maji ya chini. Msirithi wazo hilo bila kusoma lilivyoishia.

6. Hifadhi kielelezo cha mmea kwenye hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Namba bila kielelezo haina mwenyewe. Siku mtaalamu wa uainishaji akikwambia ulichanganya spishi mbili, hutakuwa na cha kumwonyesha. Na lebo andikeni kwa penseli, ziwe mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje. Ethanoli inafuta wino wa maka peni, na mifuko ya bechi ya wiki iliyopita iko mezani kwangu, 14, myeupe kabisa. Wenyewe waje waitambue.