Jibu: Michie wa West Point, baba au mwana?

Salaam ndugu. Unauliza ni Michie yupi aliyecheza futiboli West Point, chuo cha jeshi la Marekani; umekwama kwa sababu kumbukumbu za chuo zinakupa maofisa wawili wenye jina hilo. Mimi nikifuatilia wanajeshi wa pale, huanza na mwaka wa kuhitimu kwenye rejista ya Cullum, yaani orodha ya wahitimu wa chuo hicho. Peter, wa 1863, ni baba, profesa wa chuo. Mchezaji unayemtafuta ni mwanawe Dennis, wa 1892. Ndiye aliyeunda timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo. Tarehe 29 Novemba 1890 walicharazwa 24–0 na timu ya Annapolis, chuo cha wanamaji wa Marekani, mwaka uliofuata wakalipiza 32–16. Inaniuma kwamba aliuawa vitani Kuba, San Juan, 1 Julai 1898, hata miaka 30 hajatimiza. Ule uwanja wa futiboli wa West Point uliofunguliwa 1924 una jina lake, si la baba.