Vali ya bandia, meno mabovu na bili: usiache warfarin ili kupunguza gharama

SWALI: Nina miaka 52. Niliwekewa vali ya bandia moyoni, ile ya chuma, na natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku. Meno matatu yameoza, moja linatoa usaha, na fizi zinavuja damu nikipiga mswaki. Bima imekataa kulipa, inasema meno hayamo kwenye mpango wangu. Kuna fundi wa meno amesema atayang'oa yote kwa bei nafuu, mradi niache warfarin wiki moja. Je, sisi wagonjwa wa moyo hatuna msaada wa gharama za meno? Na huyu fundi nimkubalie?

JIBU: Dada, nianze na la mwisho maana ndilo linaloweza kukuua. Usimkubalie, na warfarin usiiache. Damu ya jino lililong'olewa tunaizuia kwa kushona fizi na kukung'atisha shashi. Donge la damu likijijenga kwenye vali ya chuma, litaiziba au litakimbilia kwenye ubongo, nacho ndicho kiharusi. Miongozo ya Uingereza inaruhusu kung'oa bila kusitisha warfarin ikiwa INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, iko chini ya 4, tena imepimwa ndani ya saa 24, au 72 kwa mtu ambaye vipimo vyake havipandi na kushuka. Fundi asiyekuuliza INR yako asikutie koleo mdomoni.

Sasa pesa. Wengi huamini kwamba kuwa na ugonjwa wa moyo kunafuta bili ya meno. Mara nyingi sivyo. Uingereza, ugonjwa wa moyo peke yake haukupi matibabu ya meno ya bure. Wanaangalia mambo kama kipato, umri na ujauzito. Marekani, Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, kwa kawaida hailipii meno, lakini kanuni zake za 2023 zilieleza wazi kwamba italipia kutibu maambukizi ya kinywa kabla ya upasuaji wa kubadilisha vali. Umeona? Wanacholipia hasa ni vali, jino linafuata nyuma yake. Wewe vali unayo tayari, kwa hiyo njia yako ina milima kidogo, ila hoja ni hiyo hiyo: jino linatibiwa ili kuilinda vali.

Basi nenda kwa daktari wako wa moyo uombe barua. Isiishie kwenye "anahitaji huduma ya meno", maana hiyo karani wa bima anaikataa bila kuinua kichwa. Itaje aina ya vali, itaje warfarin, itaje usaha unaoonekana kwenye picha ya eksirei, iseme waziwazi kwamba vijidudu hivyo vinaweza kuingia kwenye damu na kushambulia vali. Iambatanishe na rufaa ya maandishi ya kupinga uamuzi wa bima. Wakikataa tena, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali unakotibiwa moyo. Vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno navyo mara nyingi hutoza kidogo, wanafunzi wakifanya kazi chini ya macho ya walimu wao. Na mwombe daktari wa meno agawe kazi kwa awamu: lenye usaha kwanza, ya kuziba pengo yatasubiri.

Ila kinachonichosha kuliko yote ni wanaosubiri pesa huku wakijitibu kwa dawa za dukani. Jino likiuma, wanapewa amoksilini, metronidazoli na diklofenaki, maumivu yanatulia, wanasema nimepona. Antibiotiki haiondoi mzizi uliooza. Metronidazoli inaipa warfarin nguvu kupita kiasi, diklofenaki inaongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, na wao wanazimeza zote tatu pamoja. Dozi ya kinga, ya kuzuia vijidudu visishambulie vali, kwa mwenye vali ya bandia ni kitu kingine kabisa: kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini ni gramu 2 za amoksilini, mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa. Hupewi wiki nzima, wala haichukui nafasi ya matibabu. Mwenye presha tu, au aliyewekewa stenti, kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, kwa kawaida haimhusu, ingawa naona wanaandikiwa kila siku. Huyo wa stenti naye asithubutu kujiachisha aspirini au klopidogreli, dawa zake za kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya jino.

Wala msizidharau fizi zinazovuja damu. Vijidudu hupenya hapo kila unapopiga mswaki na kila unapotafuna, si siku ya kung'oa peke yake. Usiache mswaki kwa kuogopa damu. Kusafisha ukoga kwa kawaida ni nafuu kuliko kung'oa, na nashangaa wagonjwa wengi wa vali hawajawahi kuambiwa wafanye hivyo.

Ukipata homa isiyoeleweka, jasho la usiku au uchovu usioisha, iwe umeng'oa au hujang'oa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sema una vali ya bandia na uombe damu ichukuliwe kuoteshwa maabara kabla hujameza antibiotiki yoyote. Ukishameza ya dukani, kijidudu kinaweza kushindwa kuota, na madaktari watabaki wanabahatisha dawa ya kuiokoa vali yako.